Mtunza Bustani wa Mwisho

Katika kijiji chetu cha Nether Ashcombe, neno "samahani" halina uhusiano wowote na kuomba msamaha. Ukimkanyaga mtu, anayesema samahani ni aliyekanyagwa. Ukitaka kupita, samahani. Ukitaka kusogezewa chumvi, samahani. Ukitaka kumwambia mtu kwamba nyumba yake inaungua, unaanza na samahani, naye anakujibu, "Hapana, samahani mimi," na hadi mmalize kuombana radhi paa limeshaanguka. Nimeishi nao tangu nilipokuja kuwa mkunga kijana katika hospitali ya wilaya. Nimeolewa hapa, nimemzika mume hapa, na sasa hata mimi nikijigonga kwenye mlango, nauomba mlango radhi. Jina langu ni Mwanakombo. Wao huniita Mona, maana Mwanakombo liliwashinda.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza mbona Clifford Pinnock hakufungua mdomo siku ileile akayamaliza. Alifungua. Tatizo ni neno aliloanza nalo.

Clifford ni jirani yangu, mpima ardhi mstaafu, mrefu, mpole, mwenye tumbo la mtu anayependa kukaa. Mkewe ni Hilary. Hilary ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Kukarabati Bustani, ile bustani ya jumba kubwa lililobomolewa zamani, iliyozungushiwa ukuta wa matofali mekundu na kuachiwa magugu. Ni mwenyekiti pia wa maua ya kanisani, wa mashindano ya keki, na wa kamati inayopinga taa za barabarani. Kiti chochote kikiachwa wazi kijijini, geuka kidogo tu, ukitazama tena utamkuta Hilary ndiye mwenye kiti.

Si mwanamke mbaya. Mume wangu alipofariki, Hilary alikuja na bakuli la nyama na viazi, akakaa nami jioni nzima akiongea, akaongea mpaka nikasahau kulia. Nilimshukuru na bado namshukuru. Lakini mimi nilikuwa naye jioni moja. Clifford yuko naye tangu ujana wao, na tangu astaafu yuko naye na mchana pia.

Aliyemwokoa ni daktari. Alimwambia atembee kwa ajili ya moyo wake. Kuanzia hapo, kila asubuhi, iwe mvua iwe jua, mzee huvaa mabuti yake ya matope, huchukua fimbo na mkate wake wenye jibini, husema, "Natoka kutembea, mpenzi," na harudi mpaka alasiri. Hilary alijivunia jambo hilo kijiji kizima. "Clifford wangu anatembea maili sita kwa siku," alikuwa akituambia, tuliouliza na tusiouliza. Ni tumbo la Clifford peke yake lililokuwa halijapata taarifa.

Sasa, wafadhili wa mambo ya kale walituandikia kwamba ukuta mtupu hauwagusi. Kuta wanazo nyingi. Walitaka ukuta wenye hadithi ya mtu, tena mtu wa kawaida, aliyefanya kazi kwa mikono yake.

"Tunahitaji mtu," alisema Hilary kikaoni.

"Aliyekufa, ikiwezekana," alisema Aubrey Stokoe. "Walio hai wana ubishi."

Aubrey alifundisha historia maisha yake yote na ndiye mtaalamu wetu. Ana miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba, na kitu chochote akikitazama kwa miwani ile, kinazeeka hapohapo. Mwaka jana alikitazama kizibo cha chupa, kikawa cha Warumi.

Ndipo Hilary alipokumbuka kibanda. Kilikuwa pembe ya mwisho ya bustani, kimeegemea ukuta, kimefunikwa na majani ya kutambaa hata mlango hauonekani. Hakuna aliyekumbuka kukiona kikiwa wazi. "Jumamosi tunakisafisha," akasema. "Kilichomo humo ama ni urithi ama ni takataka, na nitaamua mimi."

Nilimwona Clifford akiweka kikombe chake mezani taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka chini ya kiti. "Samahani," akasema, "lakini paa la kibanda kile..."

"Hapana, samahani mimi, mpenzi, nilikuwa sijamaliza," akasema Hilary. Akamaliza, na kikao kikaisha.

Jumamosi tulikutana pale na glavu, mifagio, reki na toroli, na nje ya lango kulikuwa na kontena kubwa la takataka. Nilimwona Clifford akija mbio kwa njia ya mtoni, maskini, akidhani amewahi. Mkewe alikuwa amewahi zaidi. Alikuwa ameshaanza kuyavuta majani ya kutambaa kwa mikono miwili.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba majani yale yalifunguka kama pazia. Nyuma yake kulikuwa na kijia kilichokanyagwa vizuri, na mlango wenye bawaba zinazong'aa. Hilary akausukuma. Haukulia hata kidogo.

"Sikilizeni," akasema Aubrey, akiinua kidole. "Hakuna sauti. Mafundi wa zamani walijua kutia mafuta. Haya ni mafuta ya enzi zile."

Tukaingia. Nusu ya kibanda ilikuwa kama mnavyotarajia: vyungu vilivyopasuka, sepetu zilizoliwa na kutu, kamba zilizooza, buibui wenye umri wangu. Nusu ya pili ilikuwa imefagiliwa. Hapo palikuwa na kiti cha kuegemea chenye mto, kasha la mbao mbele yake la kuwekea miguu, jiko dogo la mafuta ya taa, birika, kikombe cha bati chenye ua la bluu, na koti kuukuu kwenye msumari. Kidirisha kilikuwa kimefutwa vumbi mahali pamoja tu, pale ambapo mtu aliyekaa kitini angetaka kuona nje.

"Mungu wangu," akasema Hilary kwa sauti ya chini, na kwa Hilary sauti ya chini ni tukio. "Aliishi humu."

"Alifanya kazi humu," akasema Aubrey. "Mtunza bustani wa mwisho. Aliondoka siku moja, akaacha kila kitu kama kilivyo. Pengine alikwenda vitani." Akainua birika akalitikisa. "Lina maji. Mvua imeingia."

Hakuna aliyetazama juu. Paa lilikuwa na viraka vipya.

Mimi nilikuwa nimetazama rafuni. Pale palikuwa na chupa ya kioo yenye kifuniko cha waya, nusu imejaa, na ubavuni ina karatasi iliyoandikwa kwa wino: 19. Mwandiko ulikuwa wangu. Ilikuwa achari yangu ya ndimu, niliyoisindika mwaka 2019 na kuipeleka kwenye soko la hisani la kanisa, kama ninavyofanya kila mwaka. Huku jamu na achari zote huandikwa mwaka kwa tarakimu mbili, ndiyo desturi, na kila mwaka achari yangu hukaa mezani bila kuguswa mpaka mwisho wa siku, halafu mtu mmoja huja akanunua zote. Mtu huyo ni Clifford. Nilidhani ananihurumia.

Nikageuka nikamtazama. Alikuwa amesimama mlangoni, na mkono wake ulikuwa unaingiza mfukoni miwani ya kusomea na kipande cha gazeti, polepole, kama mwizi wa mara ya kwanza. Macho yetu yakakutana. Sijawahi kuona mzungu akiomba hivyo bila kutumia neno.

"Kumi na tisa!" Aubrey alikuwa ameiona chupa. Miwani ikapanda puani. "Elfu moja mia tisa kumi na tisa. Basi hakwenda vitani, alirudi kutoka vitani. Na hii ni achari, tazameni. Aliipata India. Hilary, huyu bwana alikuwa India."

"Inafanana na yangu," nikasema. Zaidi ya hapo sikuweza, kwa ajili ya macho yale.

"Bila shaka inafanana, Mona mpenzi," akasema Aubrey kwa upole ule wa mwalimu kwa mtoto wa dawati la nyuma. "Mapishi ya kale hayabadiliki."

Clifford akapiga hatua ndani. Uso ulikuwa umeiva. "Samahani," akasema. "Samahani sana. Hiki kiti..."

"Samahani, Clifford, usikiguse!" akasema Aubrey.

"Hapana, samahani mimi," akasema Clifford, na akarudi nyuma. Alikuwa amelelewa vizuri mno.

Wakaanza kutenga. Vya Clifford vyote vilifungwa kwa karatasi laini kama mayai. Vya kale vyenyewe vilikwenda kwenye kontena. Kulikuwa na mirija minene ya kioo, mingi, imepangwa ndani ya sanduku lenye majani makavu, hakuna aliyeijua kazi yake. "Ni ya kunyooshea matango," akasema Clifford, ambaye alikuwa na muda wa kutosha wa kuwaza kuhusu mirija ile. "Tango linakulia ndani yake, lisipinde. Wenye jumba hawakupenda tango lililopinda." Hakuna aliyemsikia. Mimi nilisikia, nikafikiria taifa zima lililohangaika kunyoosha matango, na sanduku likapita mbele yangu kwenda kutupwa.

Kikao kilichofuata ndipo Clifford alipotaka kusema kwelikweli. Nilijua, kwa sababu alikuwa amevaa tai. Lakini kikaoni kwetu huwezi kusema mpaka mwenyekiti akuruhusu, na mwenyekiti ni mkewe. Akainua mkono.

"Jambo lako limo kwenye ajenda, mpenzi?" akauliza Hilary.

"Halimo."

"Basi ni mengineyo."

Kila mtu aliyewahi kukaa kikaoni, popote duniani, anajua mengineyo ni kaburi. Tulizungumza juu ya rangi ya mlango wa kibanda, tukapiga kura. Tulizungumza kama kikombe kiwekwe mpini kushoto au kulia, na Aubrey akatoa hoja ndefu kwamba mtunza bustani wetu alitumia mkono wa kushoto, kwa kuwa mto wa kiti umebonyea upande huo. Nikamtazama Clifford. Alikuwa ameshika kalamu kwa mkono wa kushoto, akaishusha chini ya meza. Tulizungumza juu ya kamba itakayozuia watu wasiingie. Tulipofika mengineyo, birika likapiga mluzi jikoni, na watu hawa wanaweza kuacha hotuba ya mfalme katikati lakini hawaachi maji yaliyochemka. Wote wakainuka. Clifford alibaki amekaa peke yake na tai yake, mkono bado uko juu.

Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Nikasema moyoni, mzee, ni chako, kidai. Halafu nikakumbuka kwamba hata mimi nilikuwa nimenyamaza kuhusu chupa yangu, nikaenda kunywa chai.

Kibanda kikapakwa rangi na kufungwa kufuli, ufunguo ukawa shingoni mwa Hilary. Na Clifford akawa hana pa kwenda. Hakuweza kukaa nyumbani, maana angeulizwa mbona hatembei. Basi akaanza kutembea. Alitembea kweli, maili sita, za matope, mlimani na mabondeni, na magoti yake yale. Siku zikapita akawa amekonda, mashavu yameingia, anakohoa. Kijiji kizima kikampongeza. "Umependeza, Clifford," wakamwambia, na Hilary akasema, "Nilisema mazoezi yatamfaa."

Asubuhi moja nilimkuta kwenye kibanda cha kituo cha basi, mvua inanyesha kiubavuubavu, amekaa, maji yanachuruzika kwenye kofia.

"Bwana Clifford, unasubiri basi?"

"Basi linapita Alhamisi."

"Leo Jumatatu."

"Ndiyo maana nimekaa hapa."

Nikakaa kando yake. Tukatazama mvua. Nimejifunza kwao kwamba mtu akitaka kusema jambo zito, usimtazame.

"Achari yako ni nzuri sana, Mona," akasema baadaye. "Inaniwasha masikio. Naila kwa jibini."

"Mwambie mkeo."

"Kuhusu achari?"

"Usinichezee, mzee. Mwambie kibanda ni chako."

"Nimwambieje? Kwamba kila asubuhi nilimuaga kwa busu, nikaenda kujificha nyuma ya majani? Anawaambia watu maili sita, Mona. Amemwambia hadi askofu."

"Kwetu wanasema mficha uchi hazai. Na mimi ni mkunga, najua."

Akalifikiria jambo hilo kwa makini. "Sisi huku tunaficha," akasema, "na tunazaa kidogokidogo."

Nilicheka, naye akacheka, halafu akakohoa, halafu akasema yale ambayo sijayasahau. "Hilary si mbaya. Nampenda, unajua. Ila tangu nistaafu, kila nikikaa, ananiona nimekaa. Ananiuliza nawaza nini. Mona, siwazi kitu. Nikisema siwazi kitu, anaumia, anadhani namficha. Basi nikawa natunga mawazo ya kumpa. Nimechoka kutunga. Kule kibandani hakuna aliyeniuliza kitu."

"Njoo jikoni kwangu. Ukae tu."

"Utaniuliza kama nataka chai."

"Lazima nikuulize, wewe ni mgeni."

"Unaona?" akasema, akainuka, magoti yakalia, akaenda zake kwenye mvua.

Siku ya uzinduzi walikuja watu ambao bustani ile haijawaona tangu enzi za wenye jumba. Wafadhili walikuja, bwana mmoja na bibi mmoja waliovaa viatu visivyofaa kwa majani mabichi. Gazeti la wilaya lilituma mpiga picha. Kulikuwa na hema, keki, na sandwichi za tango, tango lenyewe limenyooka kama rula. Kibanda kilikuwa na mlango wa kijani wa kura kumi dhidi ya nne, na ndani, nyuma ya kamba nyekundu, vilikaa kiti, kasha, jiko, birika, kikombe mpini kushoto, koti na achari yangu. Ubao ukutani ulisema: MTUNZA BUSTANI WA MWISHO. JINA LAKE HALIJULIKANI. TAFADHALI USIKALIE KITI.

Clifford alisimama nyuma kabisa, karibu na toroli. Alikuwa ametoka kutembea. Alikuwa ameegemea fimbo kwa mikono miwili, na nilimwona akikitazama kiti kile juu ya mabega ya watu kama ninavyowaona akina mama wakitazama mlango wa chumba cha watoto wachanga.

Hilary akatoa hotuba. Nakiri ilikuwa nzuri. Alieleza jinsi walivyokifungua kibanda, jinsi mlango haukulia. Halafu akaiweka karatasi kando, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

"Mimi huja humu jioni, baada ya kufunga," akasema. "Nasimama nyuma ya kamba namfikiria mtu huyu. Hakuacha neno hata moja. Aliacha kiti, na kidirisha alichokifuta pale alipotaka kutazama. Alikuwa mtu aliyejua kutulia. Nyote mnanijua, mimi sijui kutulia. Lakini nikisimama pale, natulia." Akacheka kidogo, macho yamemlegea. "Wanaume wa hivi hawapo tena. Ningetoa kitu chochote nipate kukaa na mmoja wao, hata saa moja, bila kusema neno."

Watu wakapiga makofi. Hapo nikasikia sauti nyuma yetu.

"Mwenyekiti."

Hilary akatafuta kwa macho. "Mengineyo ni baada ya chai, mpenzi."

"Hapana," akasema Clifford.

Neno hilo nilikuwa sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwake likiwa peke yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wa kwetu, lakini mshindo wenyewe ulikuwa mdogo sana. Akapita katikati ya watu. Hakusema samahani. Mtu wa gazeti akasogezwa na bega, mfadhili wa kike akakanyagwa, akasema samahani. Clifford akainua kamba nyekundu, akapita chini yake kwa shida, magoti yakilia, akageuka, na akaketi.

Jamani, jinsi alivyoketi. Mto ulimpokea upande wa kushoto. Akavua mabuti moja baada ya jingine, akaweka miguu juu ya kasha, soksi zina matundu, na akashusha pumzi ndefu iliyotoka mahali ambapo hewa haikuwa imefika tangu siku ya glavu. Akanyoosha mkono bila kutazama, mkono ukaikuta chupa. Akachota achari kwa kidole.

Wageni wakashangilia. Mfadhili wa kiume akaniambia sikioni, "Kuigiza huku ni kwa hali ya juu. Mmemtoa wapi?"

"Hajavaa lile koti," Aubrey alikuwa akinong'ona, "na zile soksi si za kipindi kile. Na anakula kielelezo. Hilary, anakula mwaka kumi na tisa!"

"Ni mimi," akasema Clifford. Hakuwa anasema na Aubrey, wala na sisi. "Hilary, ni mimi. Sikuwa nikitembea. Kila siku nilikuwa humu."

"Safi sana," akasema mtu, na makofi yakaanza tena.

Hilary hakupiga makofi. Alikuwa anatazama miguu ile juu ya kasha. Kisha akatazama kidirisha, akainama kidogo, akafuata mstari kutoka jicho la mumewe hadi pale penye kioo kisafi, na nikamwona anaona. Rangi ikamtoka.

Akainua kamba yake mwenyewe, akaingia. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Tangu lini?"

"Tangu nistaafu."

"Mvua ilipokuwa ikinyesha, nilikaa dirishani nikihofia moyo wako."

"Najua. Hilo ndilo limeniuma zaidi."

"Kwa nini hukuniambia, Clifford? Ningekuzuia?"

"Usingenizuia, mpenzi," akasema, kwa upole, kama anavyosema yote. "Ungekuja kunisaidia kupapanga hapa."

Watu walicheka sana, wakidhani ni maneno ya mchezo, na mpiga picha akapiga picha. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Hilary, na nilikuwa tayari kwa lolote: kelele, machozi, au ule utulivu wa barafu ambao kwa watu hawa ni mbaya kuliko kelele. Mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye kikombe cha bati, kukisogeza kidogo, kikae sawa. Akauona mkono wake. Akaurudisha.

Watu wakaacha kucheka. Kisha Hilary akatoka chini ya kamba, akauvua ule ufunguo shingoni mwake, akauweka juu ya kasha karibu na miguu ya mumewe, akaja nje na kuuvuta mlango wa kijani nyuma yake. Mlango haukulia. Akabaki upande wetu.

"Mabibi na mabwana," akasema, "maonyesho yamefungwa. Humu ndani mna mtu."

Wafadhili wakatazamana. Aubrey akaja mbele na miwani yake mkononi, amepauka, bwana aliyefiwa na mwaka mzima. "Lakini Hilary, yamefungwa mpaka lini? Gazeti litataka kujua. Tuwaambie nini?"

"Kamwulize mwenyewe," akasema Hilary. Aubrey akainua mkono kugonga mlango, naye akaudaka ule mkono hewani. "Hapana, Aubrey," akasema. "Usimwulize kitu."